Puli Hubadilishwa Mwisho

Inchi moja ya chuma hubadilisha tabia ya kinu kizima. Mota ya umeme inayozunguka mara 1,440 kwa dakika, ikifungwa puli ya inchi 11 na kuvuta puli ya inchi 5 iliyo kwenye kinu, huzungusha nyundo za kusagia mara 3,168 kwa dakika. Ondoa ile ya inchi 11, weka ya inchi 12, na nyundo zitazunguka mara 3,456. Kasi imepanda kwa asilimia 9 tu, lakini nguvu inayotaka kuzing'oa nyundo kwenye pini zake imepanda kwa asilimia 19, kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Mteja aliyesimama mlangoni na gorogoro zake za mahindi haoni lolote katika hayo. Anachoona ni unga laini au chenga.

Anayeyaona ni fundi. Nyamache, katika eneo bunge la Bobasi, Kaunti ya Kisii, ni mahali pa migomba, majani chai na mahindi yanayopandwa kwenye vishamba vidogo vya mteremkoni. Ukifika sokoni hukosi chumba cha mabati kilichoshikwa na vumbi jeupe mpaka kwenye utando wa buibui, na ndani yake mna poshomili. Mama huleta mahindi, mzee huleta wimbi na mihogo mikavu, mtoto hutumwa na debe akitoka shuleni. Wote wanategemea kwamba mtu fulani, siku fulani, alipima puli akaipima vizuri. Mtu huyo hana kibao mlangoni. Husifiwa kwa kutoitwa tena: kinu kikisaga msimu mzima bila kelele, watu humsahau, na kusahauliwa huko ndiko cheti chake.

Wenye magari ya kasi wanaijua kazi yake kwa sura nyingine. Injini huvuta hewa, huichanganya na mafuta, huchoma. Supachaja ni pampu inayoisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingevuta yenyewe, na pampu hiyo huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya injini hiyo hiyo. Barabara za Kenya hazikosi Mercedes za C180 na C200 zenye neno Kompressor nyuma. Kila moja ina pampu ya namna hiyo chini ya boneti. Anayetaka gari lake liwe na nguvu zaidi hufunga puli ndogo kwenye supachaja. Kipenyo kikipungua kwa asilimia 15, pampu huzunguka kwa kasi iliyoongezeka karibu asilimia 18, hewa inayoingia huwa nyingi, na dereva husukumwa kwenye kiti. Wenye Mini Cooper S za mwanzoni mwa miaka ya 2000 wameifanya kazi hiyo kwa wingi mno, hata puli iliyopunguzwa kwa asilimia 15 ikawa bidhaa ya kawaida katika maduka ya vipuri Ulaya na Marekani.

Sheria ya puli ni moja, uwe na kinu au gari. Kipenyo cha puli inayovuta, ukikizidisha kwa mizunguko yake, ni sawa na kipenyo cha puli inayovutwa ukikizidisha kwa mizunguko yake. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuikokotoa kwa kijiti mchangani. Kwa hiyo fundi hasifiwi kwa kujua hesabu. Anasifiwa kwa kujua kwamba hesabu hiyo haisemi chochote kuhusu beringi, mkanda, shafti, waya wala joto, na kwamba kila kimoja kati ya hivyo kina kikomo chake. Puli haizai nguvu. Hubadilisha nguvu kuwa kasi, au kasi kuwa nguvu, na gharama ya mabadilishano hayo hulipwa na kipande kingine cha mashine ambacho hakikuulizwa.

Supachaja yenyewe ilianzia karibu na kinu kuliko watu wanavyodhani. Ndugu wawili wa Connersville, jimbo la Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, walikuwa na kiwanda cha sufu kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji. Walikuwa wakitafuta gurudumu bora la maji walipounda kifaa chenye rota mbili zinazopishana ndani ya kasha, wakagundua kwamba kinapuliza hewa kwa nguvu ya ajabu. Walipata hataza mwaka 1860. Kifaa chao kilipuliza hewa kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma na kwenye migodi muda mrefu kabla gari halijakihitaji. Mwaka 1921 Mercedes ilionyesha Berlin magari ya kuuzwa yenye supachaja, na tangu hapo wapenda kasi hawajaacha kuchezea puli.

Kenya nayo ina ukurasa wake katika habari hii. Katika Safari Rally ya 1993, wakati Juha Kankkunen akiibuka mshindi kwa Toyota Celica, Mkenya Patrick Njiru alikuwa nyuma ya usukani wa Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 658, yaani ndogo kuliko ya pikipiki nyingi za mbio. Injini hiyo ilikuwa na supachaja. Colin McRae, aliyeendesha Vivio kama hiyo katika timu hiyo hiyo, hakufika mwisho. Njiru alifika, akawa wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Nguvu ya supachaja ilimsaidia, lakini rali ya Safari ya zama hizo haikumpa zawadi mtu kwa nguvu peke yake. Ilimpa aliyefikisha mashine nzima kwenye utepe wa mwisho.

Mwinuko wa nchi ni sababu nyingine ya kuyataja magari hapa. Kwenye kimo cha mita 1,700 juu ya bahari, ambacho ni cha kawaida katika nyanda za Gusii, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 19 likilinganishwa na la Mombasa. Gari lenye supachaja hurudishiwa sehemu kubwa ya hewa hiyo iliyopungua. Injini ya dizeli ya kinu haina msaada huo. Huvuta hewa iliyopo. Injini za Lister zilizotengenezwa Dursley, Uingereza, pamoja na nakala zake nyingi zilizotoka India, zimesaga unga wa Afrika Mashariki kwa miongo mingi, na ile iliyoitwa 8/1 iliandikiwa nguvu farasi 8 kwenye mizunguko 850 kwa dakika. Nguvu farasi hizo zilipimwa mahali penye hewa nzito. Huku juu zinabaki kama sita na nusu. Mwenye kinu anayepiga hesabu kwa nane ataikuta injini ikitoa moshi mweusi na kupungukiwa pumzi kila mahindi yanapoingia, naye atalaumu mafuta, atalaumu pistoni, na mwisho atamwambia fundi abadilishe puli.

Hapo ndipo fundi mzuri hutofautiana na mwenzake. Wa pili hufungua mfuko wa spana. Wa kwanza huanza kuuliza.

"Fundi, mashine haisagi. Nataka uniwekee puli kubwa."

"Imeanza lini, mama?"

"Wiki hii yote."

"Na wiki iliyopita ilikuwa na puli gani?"

Ilikuwa na hii hii, bila shaka. Swali hilo moja limekwisha kuonyesha kwamba kipimo cha puli hakina kosa. Kilichobadilika ni kingine, na fundi hukitafuta kwa utaratibu ambao haufupishi hata akiwa anajua jibu.

Kwanza hutia mkono kwenye mahindi. Huku mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mahindi yasiyokauka vizuri hayavunjiki. Hupondeka, huzalisha joto, na kuziba chekeche. Mahindi ya kusagwa na ya kuhifadhiwa yanatakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 hivi. Fundi hana kipimo cha unyevu mfukoni, ila ana meno: punje kavu huvunjika kwa mlio, punje mbichi hukubali jino bila sauti. Kinu chenye afya kikilishwa mahindi mabichi hulia sawasawa na kinu kibovu, na puli kubwa haikaushi mahindi.

Halafu hufungua mlango wa kinu na kuziangalia nyundo. Nyundo ya poshomili ni bamba la chuma lenye tundu kila ncha, linaloning'inia kwenye pini na kusimama wima rota inapozunguka. Bamba hilo lina pembe nne za kufanyia kazi. Moja ikiisha kuliwa na kuwa ya mviringo, hugeuzwa, na mwenye kinu akapata nyundo mpya bila kutoa shilingi. Fundi hupitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kila moja. Akizigeuza, huzigeuza zote. Akibadilisha, hubadilisha jozi zinazokabiliana, baada ya kuzipima kwenye mizani ya duka la jirani, kwa sababu gramu chache zikizidi upande mmoja wa rota inayozunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, kinu kizima kitatetemeka mpaka nati zifunguke zenyewe.

Baada ya nyundo ni chekeche. Tundu za takriban milimita moja hutoa unga wa ugali. Tundu kubwa zaidi ni za chakula cha ng'ombe. Wimbi linataka chekeche la peke yake, kwa kuwa punje zake ni ndogo mno. Chekeche lililochanika hupitisha chenga, na mteja husema mashine imepoteza kasi. Chekeche lililoziba huzuia unga ndani, na mteja husema vilevile. Malalamiko ni mamoja na magonjwa ni mawili, na wowote kati yake hauponywi na puli.

Mwisho wa ukaguzi huja mkanda. Mkanda wa V unashika puli kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Ukikaa vizuri, mgongo wake huwa sawa na ukingo wa puli. Ukiwa umezama mpaka tumbo linagusa sakafu ya mfuo, basi mbavu hazishiki tena, mkanda unateleza, na sakafu ya mfuo itakuwa imeng'aa kama kioo. Fundi humulika kwa tochi ya simu na kutazama mng'ao huo. Akiuona, amepata kasi iliyopotea: mota inazunguka kama zamani, ila sehemu ya mizunguko yake inaishia kwenye joto na harufu ya mpira. Mkanda mpya, au puli mpya ya kipimo kile kile, humaliza kazi.

Ni baada ya haya yote tu ndipo swali la kubadilisha kipimo cha puli linaruhusiwa kuingia chumbani. Mara nyingi halina haja ya kuingia. Lakini zipo siku ambazo puli lazima ibadilike, na kubwa kuliko zote ni siku ambayo kinu cha dizeli kinahamia kwenye umeme.

Siku hiyo inastahili kuelezwa kwa tarakimu. Tuseme injini ya zamani ilizunguka mara 850 kwa dakika, ikiwa na puli ya inchi 20, na kinu kikiwa na puli ya inchi 5. Nyundo zilizunguka mara 3,400, kasi nzuri kabisa. Stima imefika, mwenye kinu amenunua mota ya mizunguko 1,440, na ile puli kubwa ya chuma cha kalibu bado nzima, kwa nini itupwe? Akiifunga kwenye mota, nyundo zitazunguka mara 5,760. Nguvu ya kuzing'oa nyundo itakuwa karibu mara tatu ya ile ya awali. Na si nyundo peke yake. Ukingo wa puli yenyewe utakuwa ukikimbia mita 38 kwa sekunde, ilhali puli za kawaida za chuma cha kalibu hazitakiwi kupita kama mita 33. Chuma cha kalibu hakipindi kikizidiwa. Hupasuka, na vipande vyake huruka. Chumba cha mabati si kinga.

Fundi anayeijua kazi hukata shauri hilo kabla ya kugusa spana. Husoma kibati kilichogongwa ubavuni mwa mota: nguvu, volti, ampea, mizunguko. Kama ni ya mizunguko 1,440, kinu chenye puli ya inchi 5 kitataka inchi 12 kwenye mota. Kama ni ya mizunguko 2,880, inchi 6 zinatosha. Njia zote mbili zinaleta mizunguko ile ile 3,456, na hapo fundi mwingine angesema hakuna tofauti. Yupo anayeiona. Puli kubwa hukumbatia mkanda kwa upana na kuukunja taratibu. Puli ndogo huukunja kwa ghafla, huupa joto, huupunguzia maisha. Mkanda wa aina ya B hautaki kukunjwa kwenye puli iliyo chini sana ya inchi 5. Ndiyo maana hata kwenye gari anayependa kupunguza puli ya supachaja hufika mahali ambapo kila milimita anayoondoa inamrudishia mkanda unaoteleza, na mkanda unaoteleza hausukumi hewa.

Kuna jambo jingine katika kupima ambalo wasiojua hulipita. Kipenyo cha puli hakipimwi ukingoni, kwa sababu mkanda haupiti ukingoni. Hupimwa pale kamba zilizo ndani ya mkanda zinapopita, ndani kidogo ya ukingo. Kwenye puli ya inchi 12 kosa hilo ni dogo. Kwenye puli ya inchi 5 linaanza kuonekana kwenye unga. Fundi makini hupima ukingo kwa kalipa, akaondoa kina cha mkanda, kisha akaandika tarakimu mbili kwa chaki ukutani, ili mwenye kinu azikute siku nyingine hata kama yeye hayupo.

Kutoa puli ya zamani ni mtihani wa subira. Imekaa miaka, kutu imeishikisha na shafti. Njia ya mkato ni nyundo, na kila pigo la nyundo hupita kwenye shafti na kutua kwenye mipira ya beringi, ikaachwa na vijidonda visivyoonekana. Beringi hiyo italia baada ya mwezi na hakuna atakayekumbuka pigo. Fundi wa kweli hutumia kivutaji chenye miguu mitatu, hukikaza robo mzunguko, hunyunyiza mafuta, husubiri, hukaza tena. Ikikataa, huipasha puli moto pande zote ili itanuke kuliko shafti. Anayemtazama humwona kama mtu asiyefanya kitu. Yeye anaachia chuma muda wake.

Puli mpya huja na tundu ambalo huenda si la shafti hii. Hapa ndipo safari ya mashine ya kerezo huanza, kwa kuwa tundu lazima likerezwe mpaka likumbatie shafti bila nafasi na bila kulazimishwa. Kipande cha chuma cha mraba kinachokaa nusu kwenye shafti na nusu kwenye puli, kuzuia moja isizunguke bila nyingine, lazima kikae vilevile. Nimeona mashine ambazo nafasi hiyo ilizibwa kwa vipande vya kopo. Kopo hushika kwa juma moja, kisha puli huanza kuyumba, hula shafti, na kazi ya kubadilisha puli hugeuka kuwa kazi ya kununua rota nzima.

Ikishakaa, puli hujaribiwa usawa wake. Huzungushwa kwa mkono bila mkanda na kuachwa isimame yenyewe. Ikisimama kila mara alama ile ile ikiwa chini, upande huo ni mzito, na fundi huutoboa kidogo kwa keekee, akaizungusha tena, mpaka isimame popote inapopenda. Halafu huja uzi. Hukazwa kutoka uso wa puli ya mota hadi uso wa puli ya kinu, na lazima uguse sehemu nne: kingo mbili za puli ya kwanza, kingo mbili za ya pili. Ukigusa tatu, mota husogezwa. Kwenye chumba cha mbio huko ng'ambo kazi hii hufanywa kwa taa ya leza. Uzi hauna betri, na ukikazwa vizuri haudanganyi.

Kuukaza mkanda nako kuna kipimo chake. Katikati ya puli mbili, mkanda ubonyezwe kwa dole gumba la mtu mwenye nguvu za kawaida: kwa kila mita moja ya urefu ulio wazi, uzame kama milimita 16. Ukizama zaidi, utateleza. Ukikataa kuzama, unavuta beringi za mota na za kinu upande mmoja, usiku na mchana. Mikanda ikiwa miwili au mitatu, hubadilishwa yote kwa pamoja, kwani mpya hubeba mzigo wa wenzake waliokwisha kunyooka, nao ukachoka mapema.

Baada ya hapo mashine huwashwa, na fundi hukaa kimya. Kinu huzunguka kitupu kwanza. Anasikiliza mluzi wa mkanda, mngurumo wa beringi, mtetemo wa sakafu. Ana bisibisi ndefu, ncha kwenye kasha la beringi, mpini sikioni. Akiwa na ammita ya kubana, huifunga kwenye waya na kulinganisha ampea na zile za kibati. Ndipo mahindi huanza kuingia, nusu gorogoro, gorogoro, debe. Ikiwa mota inapita ampea zake mahindi yanapojaa, puli imezidi, hata kama unga ni mzuri kama poda. Feni inayopuliza unga kwenda kwenye mfuko ndiyo humeza nguvu nyingi kuliko watu wanavyofikiri: kasi yake ikipanda kwa asilimia 9, nguvu inayoitaka hupanda kwa karibu asilimia 30. Mota ya umeme haivuti hewa ya kuchomea mafuta, hivyo kimo cha Gusii hakiipunguzii nguvu kama dizeli. Lakini hupoozwa na hewa hiyo hiyo nyembamba, na mota za kawaida hukadiriwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000. Fundi wa huku hujiachia nafasi. Haitumii mota mpaka tone la mwisho.

Kazi haishii siku hiyo. Mkanda mpya hunyooka, kwa hiyo yeye hurudi baada ya siku moja au mbili kuukaza tena, bila kulipwa nauli ya pili. Na kabla ya kuondoka siku ya kwanza huwa amefunga kizuizi cha bati au wavu juu ya mkanda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inadai mitambo ya kusafirisha nguvu izingirwe, lakini fundi hakuhitaji kuisoma. Ameona leso zinavyoning'inia mabegani mwa wanaongojea foleni, na ameona watoto wanavyopenda kukaribia kinachozunguka.

Usidhani kwamba ujuzi huu ni wa vibanda vya mabati peke yake. Nyamache ina kiwanda cha chai chini ya shirika la chai la KTDA, na katika usindikaji wa chai aina ya CTC, ambao ndio wa kawaida Kenya, majani hupitishwa kati ya rola mbili zenye meno zinazozunguka kwa kasi tofauti, kwa kawaida moja mara kumi ya nyingine. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayokata, kuchana na kuviringisha jani. Rola zote mbili zikienda sawa, jani hupita likiwa limebanwa tu. Huko kazi hufanywa na wahandisi wenye vyeti, kwa ratiba na vipuri vya akiba. Fundi wa poshomili hana vyote hivyo, lakini swali analojiuliza ni lile lile: hiki kizunguke mara ngapi ili kile kifanye kazi yake na kidumu?

Ukilinganisha na karakana za magari ya kasi, kinachovutia ni jinsi njia zinavyokutana. Mtengenezaji mzuri wa supachaja naye hubadilisha puli mwisho. Kabla yake hukagua kama pampu ya mafuta itatosha, maana hewa ikiongezeka bila mafuta kuongezeka injini hugonga, na kugonga huko hutoboa pistoni. Huangalia njia ya kupoza hewa, kwa kuwa hewa iliyobanwa hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya faida hupotea. Huuliza beringi za supachaja ziliandikiwa mizunguko mingapi. Huipanga upya kompyuta ya injini. Wenye haraka hununua puli, huifunga Jumamosi, hupiga picha, na kabla ya mwisho wa mwezi wanatafuta injini ya kubadilisha Kirinyaga Road, Nairobi. Tofauti iliyopo ni kwamba gari likiharibika anaumia mmoja. Kinu kikiharibika, kijiji kizima kinatembea na magunia kwenda soko la pili.

Ndiyo maana namweka fundi wa puli mahali pa juu katika orodha ya watu wa kazi ya mikono. Anapunguza pale ambapo mteja anataka kuongeza. Anakataa fedha ya puli ambayo haikuhitajika na kulipwa kidogo kwa kugeuza nyundo. Anaacha tarakimu ukutani badala ya kuficha siri ya kazi.

Kwa mwenye kinu, na kwa mwenye gari lenye neno Kompressor pia, neno langu ni hili. Kabla hujatoa hela ya puli, muulize fundi maswali matatu: mashine hii mtengenezaji aliiruhusu izunguke mara ngapi, sasa inazunguka mara ngapi, na nikibadilisha itazunguka mara ngapi? Akijibu kwa tarakimu, mpe kazi na umlipe bei yake bila kuvutana. Akikuambia "itashika tu", mshukuru, mpe nauli, na utafute mwingine.